Namna ya Kuunda Ingizo la Balansi la Gharama Nafuu kwa Amplifaya na Vifaa vya Ukumbini

Kebo ya mita 30 inayotoka kwenye miksa hadi kwenye amplifaya ya jukwaani hupita kando ya nyaya za umeme, taa na chaja za simu, na kila kimoja huingiza ndani yake mvumo wa hezi 50 pamoja na masafa yake ya juu ya 100, 150 na kuendelea. Ingizo la balansi ndilo linalozuia mvumo huo usifike kwenye spika. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulijenga kwa vipuri vya kawaida, vile ambavyo fundi huvipata Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, bila transfoma ya bei ghali na bila kushusha ubora unaotakiwa katika kazi ya kitaalamu. Msimamo wangu ni kwamba fedha na muda viwekwe kwenye kulinganisha rezista na ukinzani wa nyaya mbili za laini, kwa kuwa op-ampu (kipuri kinachokuza tofauti ya volti mbili) ya bei kubwa haiwezi kuokoa sakiti ambayo rezista zake hazilingani.

Ni vyema kwanza kuondoa dhana iliyoenea miongoni mwa mafundi, kwamba laini huwa ya balansi kwa sababu waya mmoja hubeba ishara na wa pili hubeba ishara hiyohiyo ikiwa imegeuzwa. Kinachofanya laini iwe ya balansi ni nyaya zote mbili kuwa na ukinzani sawa kuelekea ardhini, upande wa kifaa kinachotuma na upande wa kifaa kinachopokea, kiasi kwamba uchafu wowote unaoingia njiani hujenga volti ileile katika kila waya. Ndiyo maana kifaa kinachotuma ishara kwenye waya mmoja tu, huku waya wa pili ukishuka ardhini kupitia rezista iliyo sawa na ile ya waya wa kwanza, kinatoa laini ya balansi kamili. Kazi ya ingizo ni kutoa volti ya waya mmoja katika volti ya mwingine: kilicho tofauti baina ya nyaya, yaani sauti, kinapita, na kilicho cha pamoja kinafutwa. Kipimo cha kazi hiyo, kinachoandikwa kwa desibeli, nitakiita ufutaji.

Sakiti ya msingi

Sakiti ya bei ndogo kuliko zote inahitaji op-ampu moja na rezista nne za 10 kΩ. Pini ya 3 ya XLR (plagi ya pini tatu ya vifaa vya sauti), ambayo ni mguu hasi, huingia kupitia R1 hadi kwenye ingizo hasi la op-ampu, na R2 huunganisha tokeo la op-ampu na sehemu hiyohiyo. Pini ya 2, ambayo ni mguu chanya, huingia kupitia R3 hadi kwenye ingizo chanya, na R4 hushuka kutoka hapo hadi ardhi ya ishara. Rezista zikiwa sawa, kinachotoka ni volti ya pini ya 2 kutoa volti ya pini ya 3, bila kukuzwa wala kupunguzwa. IC (chipu) ya NE5532 ina op-ampu mbili ndani yake, kwa hiyo IC moja na rezista nane zinatosha amplifaya ya stirio. Ipe umeme wa volti 15 chanya na 15 hasi, na uweke kapasita ya 100 nF karibu kabisa na pini zake za umeme.

Inafaa kuitazama R4 kwa makini, kwa sababu hapo ndipo bodi nyingi huharibika. Ncha yake ya chini ni ingizo la tatu la sakiti: volti yoyote iliyopo katika ardhi hiyo hutokea kwenye tokeo ikiwa nzima, bila kupunguzwa. Ukiishusha R4 kwenye njia ya ardhi inayopitisha mkondo wa kapasita kubwa za pawasaplai, mvumo utasikika hata kama laini yenyewe ni safi kabisa. Ncha hiyo iende moja kwa moja kwenye sehemu ambayo hatua inayofuata inaitumia kama sifuri yake.

Sasa hesabu inayoamua gharama. Rezista zenye kosa la asilimia 5 zikikutana katika mpangilio mbaya kuliko wote, ufutaji huwa desibeli 20 tu. Zenye kosa la asilimia 1 hutoa desibeli 34, na zenye kosa la asilimia 0.1 hutoa desibeli 54. Hesabu hii inachukulia kwamba op-ampu ni kamilifu, na kwa masafa ya mvumo NE5532 inakaribia ukamilifu huo, kwani ufutaji wake yenyewe kwa kawaida ni desibeli 100. Kwa bahati nzuri rezista zilizotoka kwenye utepe mmoja wa kiwandani hufanana kuliko kosa lililoandikwa, na mjenzi asiyechagua chochote mara nyingi atapata kati ya desibeli 40 na 50. Hata hivyo, kifaa cha kitaalamu hakijengwi kwa kutegemea bahati.

Kulinganisha rezista kwa mita ya bei ndogo

Hapa ndipo akiba kubwa inapopatikana. Watu hununua rezista za asilimia 0.1 kwa bei ya juu, au hujaribu kuchagua kwa kupima omu, kisha wanakuta mita yao ya tarakimu tatu na nusu inaonyesha 10.00 kwa rezista zote, kwa kuwa hatua yake ndogo katika kiwango hicho cha kupimia ni omu 10, yaani asilimia 0.1. Mita hiyohiyo ina kiwango cha kupimia cha milivolti 200 ambacho huona hatua ya milivolti 0.1, na daraja la rezista huibadilisha kuwa chombo chenye uwezo mkubwa zaidi.

Jenga daraja kwenye ubao wa majaribio. Chukua rezista mbili za 10 kΩ, ziunganishe mfululizo baina ya volti 10 na sifuri. Hiyo ni nguzo ya kwanza, na haitaguswa tena. Nguzo ya pili iwe na rezista moja ya kudumu juu, na chini yake nafasi ya kuweka kila rezista unayotaka kuipima. Mita iwekwe kati ya katikati ya nguzo ya kwanza na katikati ya nguzo ya pili, katika kiwango cha milivolti 200. Kila tofauti ya asilimia 1 kwenye rezista inayopimwa hubadilisha usomaji kwa milivolti 25, kwa hiyo milivolti 0.1 ni sawa na asilimia 0.004. Usahihi wa mita hauna uzito hapa, na wala si lazima nguzo ya kwanza iwe na thamani kamili, kwa kuwa unachotafuta ni rezista zinazofanana; thamani yenyewe inaweza kuwa 9.97 au 10.04 bila madhara.

Nunua utepe wa rezista mia moja za metali zenye kosa la asilimia 1. Epuka zile za kaboni, kwa sababu thamani yake huhama sana joto linapobadilika. Pima moja baada ya nyingine na uziweke katika mafungu yasiyotofautiana kwa zaidi ya milivolti 0.5. Ukiishika rezista kwa vidole utauona usomaji ukihama polepole: rezista inayobadilika sehemu 50 kwa milioni kwa kila nyuzi ya selsiasi, ikipashwa nyuzi 10 na mkono wako, husogea asilimia 0.05, nayo ni zaidi ya milivolti moja kwenye daraja hili. Tumia koleo ndogo, kisha subiri namba itulie kabla ya kuiandika.

Baada ya kupata fungu, chukua nne na uzipange kama zitakavyokaa kwenye sakiti: R1 na R2 ziwe nguzo moja, R3 na R4 ziwe nguzo ya pili, volti 10 ikiingia upande wa R1 na R3. Usomaji wa mita sasa unakupa ufutaji wa sakiti kabla hujalehemu chochote. Gawanya volti 10 kwa mara mbili ya usomaji huo. Milivolti 100 zinatoa 50, ambazo ni desibeli 34, milivolti 1 inatoa 5,000, ambazo ni desibeli 74, milivolti 0.5 inatoa desibeli 80. Usiporidhika, badilishana nafasi za rezista hizohizo. Rezista nne zina namna tatu tu za kupangika zinazoleta matokeo tofauti, na mara nyingi mojawapo hufuta makosa ya nyingine karibu kabisa.

Kinachohitajika kulingana ni uwiano, R2 kwa R1 uwe sawa na R4 kwa R3. Rezista mbili za 10.02 zikikaa pamoja upande mmoja na mbili za 9.98 upande wa pili, ufutaji haudhuriki hata kidogo.

Kwa anayejenga vifaa vichache, njia hii ina faida kuliko kila nyingine. Anayejenga kwa wingi hawezi kukaa na koleo siku nzima, naye ana njia mbili. Ya kwanza ni kuigawa R4: weka rezista ya 9.1 kΩ, ya 390 Ω, na trimpoti (rezista inayorekebishwa kwa bisibisi) ya mizunguko mingi ya 1 kΩ, zote mfululizo. Mpangilio huo unafunika kuanzia takriban 9.49 hadi 10.49 kΩ, na unatosha kurekebisha makosa ya rezista tatu nyingine za asilimia 1. Trimpoti huongeza gharama ya kipuri, gharama ya muda wa kurekebisha, na hatari ya kuhama kutokana na mtetemo wa safari, kwa hiyo naishauri tu pale ambapo kuna mtu wa kuirekebisha na kuifunga kwa tone la rangi. Njia ya pili ni kununua IC iliyo na rezista ndani ambazo zimekatwa kwa leza kiwandani, kama INA134 ya Texas Instruments au THAT 1240, ambazo ufutaji wake wa kawaida ni desibeli 90. Bei yake ni mara kadhaa ya NE5532, lakini ukihesabu mshahara wa anayepima na anayerekebisha, kwa kazi ya wingi mara nyingi ndizo za bei nafuu. INA134 hutumia rezista za 25 kΩ, kwa hiyo kelele zake ni kubwa kidogo kuliko za sakiti ya 10 kΩ.

Ukinzani wa laini unavyoweka kikomo

Mjenzi aliyepata desibeli 90 mezani hushangaa anapokuta 60 tu ukumbini. Sababu iko kwenye kifaa kinachotuma. Katika sakiti yetu kila mguu, ukitazamwa na ishara ya pamoja, una ukinzani wa 20 kΩ kuelekea ardhini. Miksa hutuma kupitia rezista za omu 47 hadi 100 katika kila mguu, na rezista mbili za omu 100 zenye kosa la asilimia 5 zinaweza kutofautiana kwa omu 10. Omu 10 zikigawanywa kwa 20,000 zinatoa sehemu moja ya 2,000, ambayo ni desibeli 66. Hicho ni kikomo cha sakiti hii kwenye laini ya kweli, hata rezista zake nne zingelingana kikamilifu. Kwa sababu hiyo hakuna haja ya kutumia siku nzima kuwinda desibeli 90 kwenye daraja. Ukifika 75 au 80, simama.

Mhandisi wa sauti Bill Whitlock ndiye aliyelisimamia jambo hili kwa miaka mingi, na toleo la mwaka 2000 la kiwango cha kimataifa cha IEC 60268-3 likachukua kipimo kinachoongeza omu 10 kwenye mguu mmoja, kisha kwenye mguu wa pili, badala ya kupima kwa chanzo kilicholingana kikamilifu. Nashauri kila mjenzi apime hivyo na aandike namba hiyo kwenye maelezo ya kifaa chake, kwa kuwa ndiyo inayomwambia mnunuzi atakachokipata.

Kapasita za kuzuia mkondo wa moja kwa moja hushambulia kutoka upande huohuo. Kapasita ya elektroliti ya 10 µF ina ukinzani wa takriban omu 318 kwa hezi 50, na zikitofautiana kwa asilimia 20 ufutaji hushuka hadi desibeli 50 katika masafa yaleyale ambamo mvumo unakaa. Kwa 47 µF kikomo hicho hupanda hadi karibu 63. Tumia kapasita kubwa kuliko inavyohitajika kwa besi, zisizo na upande chanya wala hasi, zenye uwezo wa volti 63, kwani siku moja mtu atachomeka laini yenye volti 48 za kuwashia maikrofoni. Katika sakiti hii ya msingi, rezista za 10 kΩ zilizo mbele ya op-ampu hupunguza mkondo wa ajali hiyo hadi milliampea tano hivi, na hiyo ni kinga isiyoongeza gharama yoyote.

Unaweza kuinua kikomo cha laini kwa kuweka op-ampu mbili za kupokea mbele ya rezista nne, kila moja na rezista ya 100 kΩ kushuka ardhini. Omu 10 sasa zinagawanywa kwa 100,000, na kikomo kinakuwa desibeli 80. Rezista nne za nyuma zinaweza kushushwa hadi 2 kΩ, na kelele zinashuka kutoka takriban −105 dBu (desibeli zinazopima kiwango cha volti) hadi karibu −110 dBu. Gharama ni NE5532 moja zaidi kwa kila chaneli, pamoja na diodi za 1N4148 kwenda kwenye reli za umeme, kwa sababu kinga ya 10 kΩ imeondoka. Kwa rekoda na vifaa vya studio naona inastahili. Kwa amplifaya ya ukumbini, ambako miksa yenye chaneli nyingi zilizofunguliwa huleta kelele kubwa kuliko −105 dBu, sakiti ya msingi inatosha, na fedha iliyobaki ikanunue kebo na plagi nzuri.

Redio, wavu na kasha

Mawimbi ya redio na ya simu yazuiwe mlangoni. Weka rezista ya omu 100 katika kila mguu na kapasita ya 100 pF kutoka kila mguu hadi kwenye kasha, zote karibu na soketi. Kapasita ziwe za kauri za aina ya C0G, ambazo thamani yake haihami kwa joto, na zilingane ndani ya asilimia 5. Ukiweka kapasita ndogo sambamba na R2 kwa ajili ya utulivu wa op-ampu, lazima uweke nyingine iliyo sawa sambamba na R4, la sivyo ufutaji utaanguka kwenye masafa ya juu. Nazipendelea za 22 pF kuliko 100 pF kwa sababu makosa yake yana athari ndogo zaidi.

Pini ya 1, inayobeba wavu wa kebo, iunganishwe na kasha la chuma kwa waya mfupi kabisa mara tu inapoingia, wala isipitishwe kwenye bodi. Mhandisi wa sauti Neil Muncy alilieleza tatizo hili katika miaka ya 1990, na kiwango cha AES48 cha jumuiya ya wahandisi wa sauti, kilichotoka mwaka 2005, kinaelekeza hivyohivyo. Mkondo unaosafiri kwenye wavu ni mkondo wa uchafu. Ukiupitisha kwenye ardhi ya ishara, utajenga volti ndogo ambayo R4 itaipokea kama sauti. Vifaa vingi vinavyovuma licha ya kuwa na ingizo zuri vimekosewa hapa tu, na kurekebisha ni kukata njia moja ya shaba na kulehemu waya mmoja.

Kupima kazi iliyokamilika

Chanzo cha ishara kinaweza kuwa simu yenye programu ya kutoa masafa, na kipimo kinaweza kuwa kompyuta yenye kadi ya sauti na programu ya kuonyesha masafa, kwa kuwa mita ya kawaida haiwezi kusoma mamia ya mikrovolti za mkondo geu. Kwanza peleka ishara kwenye pini ya 2, pini ya 3 ikiwa imeungwa na pini ya 1, na uandike kiwango cha tokeo. Kisha unga pini ya 2 na ya 3 pamoja, peleka ishara ileile kati yake na pini ya 1, na uandike tena. Tofauti ya viwango viwili ni ufutaji. Rudia ukiwa na omu 10 kwenye pini ya 2, halafu kwenye pini ya 3, na uchukue namba ndogo kuliko zote kuwa ndiyo ya kifaa.

Fanya hivyo kwa hezi 50, 1,000 na 10,000. Matokeo yakiwa mabaya kwa hezi 50 peke yake, kapasita za mlangoni hazilingani. Yakiwa mabaya kwa 10,000 peke yake, tafuta kwenye kapasita ndogo au kwenye njia za bodi ambazo mguu mmoja umekaa karibu na kitu ambacho mwingine uko mbali nacho. Yakiwa mabaya kwa masafa yote kwa kiasi kilekile, ni rezista nne; iache bodi ipoe kabisa baada ya kulehemu kabla ya kuzilaumu.

Linabaki suala la vifaa visivyo vya balansi, kama kompyuta au kinanda, ambavyo vitachomekwa kwenye ingizo hili kila wiki. Tumia kebo ya nyaya mbili ndani ya wavu: waya wa kwanza uende kwenye ncha ya jeki na pini ya 2, waya wa pili uungwe na wavu upande wa kinanda na uende kwenye pini ya 3 upande wa amplifaya. Kwa kufanya hivyo ingizo hupima ishara kule inakotoka, na tofauti ya ardhi baina ya vifaa viwili hufutwa kwa sehemu kubwa ijapokuwa chanzo si cha balansi. Pini ya 3 ikiachwa wazi, sakiti ya msingi hupoteza desibeli 6 za sauti na ufutaji wote, kwa hiyo kama soketi yako inapokea pia jeki ya waya mmoja, hakikisha soketi yenyewe inaunga mguu hasi na ardhi jeki hiyo inapoingia.